Kuchunguza Mwendo wa Kano na Viungo vya Vidole kwa Altrasaundi: Mwongozo kwa Watafiti wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Mkono wa mtu anayeshona wavu hufanya kazi ambayo picha tuli haiwezi kuionyesha. Katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, fundi wa nyavu hushika sindano yake kwa kidole gumba na kidole cha shahada, hupima jicho la wavu kwa kidole cha kati, kisha huvuta uzi mpaka fundo likaze, na tendo hilo hulirudia mara nyingi sana kabla jua halijawa kali. Eksirei ya mkono huo itaonyesha mifupa, na MRI ya kawaida itaonyesha kano zikiwa zimetulia. Altrasaundi ndiyo inayokuwezesha kuitazama kano ikiteleza ndani ya ala yake wakati mwenyewe anakunja kidole, tena kwa mashine inayoweza kubebwa hadi mwaloni.

Mwongozo huu ni kwa wataalamu wa picha za tiba, wa fiziotherapia na wanafunzi wa utafiti wanaotaka kupima mwendo huo. Anayetafuta ugonjwa huridhika akiona kano imevimba. Anayepima mwendo lazima ajue kano imeteleza milimita ngapi, kiungo kimekunjwa digrii ngapi, na nguvu iliyotumika ilikuwa kiasi gani kwa wakati uleule. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mawili yanayobaki hayasemi mengi.

Kilichomo ndani ya kidole

Kila kidole, ukiacha kidole gumba, kina pingili tatu na viungo vitatu: kiungo cha shina kinachokutanisha kidole na kiganja, kiungo cha kati, na kiungo cha ncha. Upande wa kiganja hupita kano mbili za kukunjia. Kano ya juu hugawanyika mapande mawili na kujishikiza kwenye pingili ya kati, na kano ya ndani hupenya katikati ya mgawanyiko huo na kwenda kujishikiza kwenye pingili ya ncha. Kwa hiyo kiungo cha ncha hukunjwa na kano ya ndani peke yake, jambo ambalo litatufaa sana tutakapofika kwenye hesabu ya nguvu.

Kano hizo hushikiliwa karibu na mfupa na mikanda migumu ambayo nitaiita makapi, kwa mfano wa kapi la kupitishia kamba, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo. Aliyewahi kusafiri kwa chombo cha tanga anajua kwamba kamba ikitoka kwenye kapi hupoteza njia yake, na mvutaji hutumia nguvu nyingi kwa mwendo usio sahihi. Makapi makuu matano huitwa A1 hadi A5 kuanzia kiganjani kuelekea ncha. A1, A3 na A5 yamekaa juu ya viungo. A2 limefunga pingili ya kwanza na A4 limefunga pingili ya kati. Haya mawili, A2 na A4, ndiyo yenye kubeba mzigo mkubwa, na yakikatika kano huinuka kutoka kwenye mfupa kama uzi wa upinde.

Mashine na namna ya kuitayarisha

Tumia probu (kile kipande cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) nyoofu ya masafa ya juu, megahezi 12 hadi 18. Sauti husafiri kwenye nyama laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye megahezi 15 urefu wa wimbi ni karibu milimita 0.1, na hapo ndipo unapopata uwezo wa kuona nyuzinyuzi za kano moja moja. Probu ya tumbo inayotumika kwa wajawazito haifai kabisa kwa kazi hii. Ukiwa na probu ndogo iliyopinda kama kigoe, ni nzuri kwa viungo, lakini uso wake mfupi haukupi nafasi ya kufuata kano inayoteleza mbali.

Weka kina cha picha kati ya sentimita 1.5 na 2, na fokasi kwenye kina cha kano yenyewe. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: zima, au punguza hadi chini kabisa, ule mpangilio wa mashine unaochanganya fremu zilizopita na fremu mpya ili picha ionekane laini. Ulaini huo hupendeza kwenye picha tuli, lakini kwenye mwendo hufuta kile hasa unachotaka kupima. Hali ni hiyohiyo kwa mpangilio unaounganisha miale ya pembe mbalimbali, kwani hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde. Hesabu yake ni rahisi: kano ikiteleza milimita 20 kwa sekunde na mashine ikichukua fremu 40 kwa sekunde, kano husogea nusu milimita kati ya fremu na fremu. Ukishuka hadi fremu 15, hatua hiyo inazidi milimita moja, na programu ya kufuatilia madoadoa ya picha huanza kupotea.

Umeme wa mitaa yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo usipime bila stabilaiza na betri ya akiba. Mashine ikizimika katikati ya kipimo, usiunganishe nusu ya kwanza na nusu ya pili, anza upya.

Siku na saa ya kupima

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa, na hupumzika siku za mbalamwezi. Panga vipimo vyako katika mapumziko hayo. Mkono uliovuta nyavu usiku kucha huwa umevimba na umechoka, na ukiupima asubuhi hiyo utakuwa unapima uchovu wa usiku mmoja badala ya hali ya kano. Kama swali lako ni kuhusu uchovu wenyewe, pima mara mbili, kabla ya kazi na baada ya kazi, na uandike saa kila mara.

Wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara wana jambo lao la pekee. Hushika samaki wa baridi kwa saa nyingi, na baridi hupunguza damu vidoleni na kukaza viungo. Mpe mhusika nusu saa ya kukaa kwenye chumba cha kawaida kabla hujagusa mkono wake, la sivyo dopla, ile hali ya mashine inayoonyesha mtiririko wa damu, haitakuonyesha damu iliyopo, na pembe ya kukunja itakuwa ndogo kuliko uwezo wake wa kweli.

Kabla ya yote hayo pata kibali cha maadili. Mwanza kuna kamati ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba na Hospitali ya Bugando, na kitaifa kuna NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Eleza utafiti kwa Kiswahili cha kawaida, na kwa wazee wengi wa hapa Kisukuma kitaeleweka vizuri zaidi. Mtu akisema “Shikamoo mzee, naomba nitazame vidole vyako vikifanya kazi” na kuonyesha mashine inavyofanya kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, hupata ridhaa yenye moyo kuliko anayesoma karatasi kwa haraka.

Hatua ya kwanza: kuuweka mkono

Mkalishe mhusika, kiwiko kikiwa kimekunjwa na mkono umelala juu ya meza, kiganja juu. Mwombe seremala akutengenezee bao lenye mikanda ya kufunga ili kiwiko, kifundo cha mkono na vidole visivyopimwa vitulie. Usiyachukulie mambo haya kama mapambo. Kifundo cha mkono kikikunjwa, kano za vidole huvutwa hata kama vidole havijasogea. Vilevile kano za ndani za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho hutoka kwenye msuli wa pamoja, kwa hiyo ukishika kidole kimoja, jirani zake huathirika. Andika kila mara vidole vingine viliwekwaje.

Hatua ya pili: kuipata kano na kuitambua

Paka jeli nyingi, weka probu kwa kukingama juu ya kiganja karibu na shina la kidole, na utazame duara jeupe la kano juu ya mfupa. Ukishaipata katikati ya picha, izungushe probu polepole hadi ilale kwa urefu wa kano. Kano yenye afya huonekana kama mistari myembamba meupe iliyolala sambamba, mfano wa nyuzi za kamba ya katani ukiitazama kwa karibu.

Sasa itenganishe ya juu na ya ndani. Shika pingili ya kati isisogee, kisha mwambie mhusika akunje ncha tu. Kinachoteleza ni kano ya ndani. Halafu nyoosha vidole vingine vyote, uvishike, na umwombe akunje kiungo cha kati cha kidole kinachopimwa. Hapo kano ya juu ndiyo inayofanya kazi. Hata mtaalamu mzoefu asiruke jaribio hili.

Hatua ya tatu: kuilinda pembe ya probu

Nikiruhusiwa kusisitiza jambo moja tu katika mwongozo huu, ni hili. Nyuzi za kano hurudisha sauti vizuri pale tu mwale unapozipiga kwa pembe mraba. Ukiinamisha probu digrii chache, kano yenye afya hugeuka nyeusi na kuonekana kama imechanika. Karibu na ncha ya kidole, ambapo kano huteremka kuelekea mfupani, jambo hilo hutokea hata kama mkono wako haujatikisika, kwa sababu ni kano yenyewe iliyopinda.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliandika kwamba kano ya mama mmoja mchakata minofu ilikuwa imechanika. Doa jeusi lilikuwa wazi kabisa kwenye picha. Siku mbili baadaye mtaalamu aliyenizidi uzoefu aliweka probu mahali palepale, akaiinamisha kidogo sana kuelekea kiganjani, na doa likajaa mistari meupe mbele ya macho yangu. Mama yule alikuwa amekaa siku zote mbili akiwaza upasuaji na nani atalisha watoto. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile sikubali doa lolote jeusi mpaka niwe nimelitazama kwa mielekeo miwili na probu ikiwa imeinamishwa kwenda na kurudi.

Wakati wa kurekodi mwendo, ufungie mkono wako mwenyewe: weka kidole chako cha mwisho juu ya bao ili kibebe uzito wa probu. Kati ya probu na ngozi kuwe na tabaka la jeli linaloonekana juu ya picha. Tabaka hilo likitoweka, ujue unabonyeza, na kubonyeza huibana kano, hubadilisha umbali wake na mfupa, na huifukuza damu ambayo dopla ingeionyesha.

Njia ya maji inasaidia sana pale jeli inaposhindwa, hasa kwenye viungo vilivyopinda. Jaza beseni maji yaliyochemshwa yakapoa, ili yasiwe na mapovu, tumbukiza mkono, na ishike probu umbali wa kama sentimita moja kutoka kwenye ngozi bila kuigusa. Hakikisha probu yako imeruhusiwa na watengenezaji kuingia majini, usizidishe alama yao, na waya usiloane. Wavuvi huizoea njia hii mara moja, na kidole hukunjika kwa uhuru kamili kwa kuwa hakuna kinachokigusa.

Hatua ya nne: kupima mteleze na mkono wa wenzo

Mfundishe mhusika kukunja na kukunjua kwa mwendo sawa, kwa mfano sekunde mbili kwenda na sekunde mbili kurudi, akifuata mdundo wa programu ya simu. Mwache afanye mara tano za mazoezi, kisha rekodi mara tano. Kwa upande, weka kamera kwenye kitegemeo irekodi kidole, na mwanzoni mwa kila rekodi gonga meza mara moja huku probu ikitikisika, ili upate alama ya kuoanisha video mbili. Pembe za mwanzo na mwisho zihakikishwe kwa goniometa, kifaa cha kupimia pembe ya kiungo.

Ukitaka kujua mkono wa wenzo wa kano kwenye kiungo, yaani umbali wa kano kutoka kwenye kitovu cha mzunguko wa kiungo hicho, huhitaji kukiona kitovu chenyewe. Gawanya mteleze wa kano kwa badiliko la pembe katika radiani. Tuseme viungo vya kati na ncha vimefungwa vikiwa vimenyooka, kiungo cha shina kimekunjwa kutoka digrii 0 hadi 60, na kano ya ndani imeteleza milimita 10.5. Digrii 60 ni radiani 1.05, kwa hiyo mkono wa wenzo ni milimita 10. Bora zaidi, usichukue ncha mbili pekee. Chora mteleze dhidi ya pembe kwa kila fremu, na mwinuko wa mstari ndio mkono wa wenzo katika sehemu hiyo ya mwendo. Mstari ukijipinda, usiunyooshe kwa nguvu, kwa sababu kano inayoachia mfupa kidogo kidogo ndivyo inavyoonekana.

Programu za kufuatilia madoadoa hukurahisishia kazi, ila zikague. Chagua fremu kumi, upime kwa mkono, ulinganishe. Kosa la kawaida ni programu kushika ala au ngozi, ambavyo husogea kidogo, na hivyo kukupa mteleze mdogo kuliko ukweli. Kosa la pili ni kano kutoka nje ya mkato wa picha. Ukiona mistari imefifia katikati ya mwendo, itupe rekodi hiyo.

Hatua ya tano: nguvu na makapi

Ile mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki ni kifaa kizuri cha utafiti ikiwa imehakikiwa kwa uzito unaojulikana. Funga kitanzi laini kwenye pingili ya ncha, unganisha na mizani, na umwombe mhusika avute hadi kilo 1, ambayo ni karibu nyutoni 10. Tuseme kitanzi kiko milimita 15 kutoka kwenye kiungo cha ncha na mkono wa wenzo wa kano ya ndani hapo ni milimita 5: kano inabeba nyutoni 30, mara tatu ya kile mizani inachosoma. Hesabu hii ni safi kwenye kiungo cha ncha kwa kuwa kano moja tu ndiyo inayokunja. Kwenye kiungo cha kati kano mbili hugawana mzigo, na altrasaundi haikuambii zimegawana vipi, kwa hiyo usiandike jibu moja mahali ambapo yanawezekana mengi.

Chini ya mzigo huohuo, pima umbali kati ya kano na mfupa katikati ya pingili ya kwanza, kwa kapi A2, na katikati ya pingili ya kati, kwa A4. Pima kwanza kidole kikiwa kimepumzika, kisha kikivuta. Kwa kawaida umbali wa A2 hauzidi milimita 1. Ukifika milimita 3 au zaidi wakati wa kuvuta, fikiria kwamba kapi limekatika. Pima daima na kidole kama hicho cha mkono wa pili. Mtu aliyevuta nyavu miaka 30 ana mikono isiyolingana na ya karani, na mlinganisho wake wa haki ni mkono wake mwenyewe.

Kwa kidole kinachokwama na kuachia kwa mlio, weka probu kwa urefu juu ya A1. Kapi hilo lenye afya ni mstari mwembamba, chini ya milimita moja. Likinenepa utaona kano ikijikusanya mlangoni mwake, ikisita, kisha ikirukia upande wa pili. Andika pembe ambayo kusita kunaanza.

Hatua ya sita: viungo vyenyewe

Geuza mkono, mgongo wa kiganja ukiwa juu. Kwenye kichwa cha mfupa wa kiganja utaona mstari mweupe wa mfupa na juu yake utepe mweusi: hilo ni gegedu. Kunja kiungo ili sehemu kubwa ya gegedu itoke mbele ya probu. Maji yaliyozidi huonekana meusi na hubonyezeka. Utando ulionenepa haubonyezeki kwa urahisi, na ukiwa na uvimbe hai dopla huonyesha damu ndani yake.

Jambo la kimekanika la kuvutia hapa ni ligamenti za pembeni za kiungo cha shina. Nyoosha kidole chako sasa hivi ukisukume kushoto na kulia, kinasogea. Kikunje digrii 90, ujaribu tena; karibu kinakataa. Kichwa cha mfupa hakina umbo la duara kamili, kwa hiyo kidole kikikunjwa ligamenti hutandwa na kukaza. Ukizipima, sema wazi kiungo kilikuwa kwenye pembe gani, kwa sababu urefu wa ligamenti moja kwenye digrii 0 na kwenye digrii 90 ni vipimo viwili tofauti.

Kwenye kano za kukunjulia, ambazo ni bapa na nyembamba, kipimo muhimu ni kimoja: weka probu kwa kukingama juu ya kiungo cha shina na mwambie afumbe ngumi. Tazama kama kano inabaki kileleni au inatelezea pembeni.

Kutunza na kurudia

Hifadhi video nzima katika muundo wa asili wa mashine, usiibane ili kuokoa nafasi. Taja kila faili kwa namba ya mhusika, mkono, kidole, kiungo na jaribio, na kamwe si kwa jina lake. Rudia vipimo vyote kwa angalau sehemu ya wahusika siku nyingine, na wapimaji wawili wasionane majibu. Tofauti kati ya wapimaji ikiwa kubwa kuliko tofauti unayodai ipo kati ya wavuvi na wasio wavuvi, rudi kwenye hatua ya tatu kabla ya kuongeza idadi ya watu.

Ukikuta kapi lililokatika au kiungo chenye uvimbe hai, mwambie mhusika siku hiyohiyo, mpe barua ya rufaa, na umwonyeshe kwenye skrini mahali penyewe. Futa jeli mkononi mwake, safisha probu, na mpangie kurudi mbalamwezi ijayo.